Duka Lako Liko Kwenye Wingu. Funguo Anazo Nani?

Zamani daftari la duka lilikaa chini ya kaunta. Ukifunga duka, umelifungia ndani. Siku hizi oda zinakuja WhatsApp, stoki iko Google Sheets, picha za risiti ziko Google Photos na mauzo yako kwenye akaunti yako ya tili. Sehemu kubwa ya hizo data inakaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine, mbali sana, na hapo ndipo watu huita wingu.

Wingu limesaidia sana. Simu ikiibwa leo kwenye matatu, kesho unanunua nyingine, unaingia na akaunti yako na stoki unaikuta vile ulivyoiacha. Ila usidhani ati ukishaweka kitu huko, kazi imeisha. Wingu ni majengo yenye kompyuta, na majengo hushika moto. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea usiku. Kuna mteja aliyekuwa amelipia nakala ya akiba, kumbe nakala yenyewe iliwekwa jengo lile lile! Alishinda kesi mahakamani mwaka 2023, lakini data haikurudi. Kwa hivyo mara moja kwa mwezi, pakua orodha yako ya stoki na madeni, uiweke kwenye flashi au kompyuta ya nyumbani.

Hata hivyo, kwa duka la kawaida hapa kwetu, hatari kubwa si moto. Ni funguo.

Hebu jiulize: barua pepe ya biashara yako ilifunguliwa na nani? Kwa wengi ni yule kijana wa saiba, au mpwa aliyekuja likizo. Kama ni hivyo, angalia nambari ya simu iliyowekwa ya kurejesha akaunti. Ikiwa ni yake, au ni laini uliyoacha kutumia zamani, mwenye laini hiyo anaweza kubadilisha nenosiri na wewe ukabaki nje ya duka lako. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Ibadilishe leo, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Ukitoka hapo, fungua WhatsApp uende kwenye vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp moja inaweza kufunguliwa kwenye vifaa vingine vinne. Tuseme una duka la vipodozi Kamukunji na mhudumu wako aliacha kazi Januari. Kama kompyuta aliyotumia bado iko kwenye orodha hiyo, anaweza kusoma kila oda inayoingia, na hata kumjibu mteja kwa jina lako akimpa nambari nyingine ya kulipia. Kwenye akaunti ya Google pia kuna orodha ya vifaa. Usichokitambua, kiondoe.

Halafu kuna kufuatilia, na hapa wengi hulegea. Kila Jumamosi jioni toa taarifa ya tili, uilinganishe na karatasi ya mauzo. Karatasi ikionyesha mauzo 45 ya tili na taarifa ionyeshe malipo 42, mizigo mitatu imetoka bila pesa. Pengine mhudumu aliamini meseji feki. Pengine ni jambo lingine, lakini utalijua wiki hiyo hiyo, si Desemba unapohesabu hasara.

Angalia pia nafasi. Google inakupa GB 15 za bure, na barua pepe, picha na nakala za WhatsApp za simu za Android zote zinakula hapo. Zikijaa, barua pepe haziingii tena. Oda ya mteja inarudi kwake, na wewe unashangaa mbona kumekuwa kimya.

Intaneti nayo hukatika. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Kenya nzima ikaona mtandao ukivuta. Mteja bado anaweza kulipa kupitia menyu ya laini yake, kwa kuwa haihitaji bando, lakini wewe utaandika wapi? Daftari la shilingi hamsini bado lina kazi.

Orodha ya wateja na madeni yao ni data ya watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua.

Mhudumu akiacha kazi, hata kama mmeachana vizuri, badilisha PIN na manenosiri siku hiyo hiyo kabla ya kufunga duka, na uondoe simu yake kila mahali. PIN mpya usimwambie mtu yeyote, hata anayekupigia akisema anatoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN.