Dondoo muhimu: Kondomu ya mkojo

Mwanamume asiyeweza kuzuia mkojo anaweza kuvaa kondomu yenye mrija unaopeleka mkojo mfukoni; haiingizwi ndani ya mwili, lakini ikivaliwa vibaya huleta vidonda.

1. Ukimhudumia mzee, funga mlango na umwombe ruhusa kabla ya kumgusa; kwa mzazi, kuvuliwa nguo na mwanawe si jambo dogo.
2. Pima unene wa uume ukiwa umelegea: kondomu ndogo hubana damu, kubwa huvuja.
3. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, usipake mafuta wala poda, maana gundi ya kondomu haitashika.
4. Punguza nywele kwa mkasi, wembe huchubua.
5. Kwa asiyetahiriwa, rudisha govi mahali pake kabla ya kuvisha.
6. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi kati ya ncha ya uume na mrija.
7. Usifunge kamwe kwa plasta ya kawaida, uzi au mpira wa kufungia pesa. Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Damu ikikatika, uume unaweza kuoza.
8. Mfuko ukae chini ya kibofu, mrija usijikunje.
9. Badilisha kondomu kila baada ya saa 24. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, kisha vingirisha taratibu, usivute.
10. Ukiwashwa au kutoka vipele, omba kondomu ya silikoni badala ya ile ya mpira.
11. Uvimbe, weusi, kidonda, homa au mkojo kutotoka: vua, nenda hospitali siku hiyohiyo.