Mauti na Mwana wa Adamu: Somo juu ya Kauli ya Manasara kwamba Masihi Ameyashinda Mauti

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), twasema:

Kijana mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu ya baada ya Magharibi alitujia na suala. Mwenziwe wa kazini, ambaye ni Mkristo, alifiwa na mamake, naye akaenda mazikoni kumpa pole. Pale kaburini, udongo ungali mikononi mwa watu, alimsikia kasisi akisema kwamba mauti yameshindwa. Kijana akatwambia: "Sheikh, maiti azikwa mbele ya macho yetu, nao wasema mauti yameshindwa. Yawaje? Na mimi nimjibu nini mwenzangu?" Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama alifanya kosa kwenda.

Suala lake la pili tutalirudia. Hili la kwanza twaona lastahiki kuelezwa kwa urefu, kwani wengi wetu hulijibu kabla ya kulifahamu. Katika mihadhara ya viwanjani humsikia mtu akipekua Biblia kwa haraka, akatoa aya tatu za kukanusha msalaba, wasikilizaji wakaleta takbiri, kisha kila mmoja akarudi kwake na lile lile alilokuja nalo. Hatusemi kwamba msalaba si jambo kubwa baina yetu na Manasara. Twasema kwamba aanzaye na msalaba ameanza mwishoni mwa kisa. Mwanzo wake ni Adamu. Hapo ndipo njia mbili zilipoachana, na asiyepaona hapo atabishana na mwenziwe mchana kutwa bila ya kujua wanabishana juu ya nini.

Basi tuanze na wanayoyasema wao, tena kwa namna ambayo wao wenyewe hawataikataa, maana uadilifu ni wajibu hata kwa tusiyekubaliana naye. Twamchagua Athanasius, askofu wa Iskandaria katika nchi ya Misri, aliyefariki mwaka 373, karibu miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume wetu. Huyu alifukuzwa mjini mwake mara tano kwa ajili ya ugomvi wake na wafuasi wa Arius, waliosema kwamba yule wanayemwita Neno ni kiumbe. (Wako Waislamu wapendao kumfanya Arius kuwa ni mwenzetu aliyetangulia. Hiyo ni pupa. Arius naye aliamini kwamba Neno lilikuwapo kabla ya ulimwengu, na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Hatuna haja ya kuokota jamaa njiani.)

Athanasius aliandika kwa Kigiriki kitabu kidogo juu ya Neno kuvaa mwili, na hoja yake kwa mukhtasari ni hii. Mungu aliumba vitu vyote pasi na kitu. Kila kilichotoka katika kutokuwapo, kwa asili yake chaelekea kurudi huko huko. Na mtu naye kwa asili yake ni wa kufa. Lakini mtu alipewa cheo ambacho wanyama hawakupewa: aliumbwa kwa mfano wa Neno la Mungu, na lau angalidumu katika kumtazama Mola wake, neema ile ingalimhifadhi asiharibike. Adamu alipogeuza uso, neema ilimtoka, na mauti yakamtawala yeye na kizazi chake. Hapo, asema Athanasius, pakawa na jambo zito: Mungu hawezi kurudi katika neno lake, kwa kuwa alikwisha kuonya kwamba mwenye kuasi atakufa, wala haielekei wema wake kuiacha kazi ya mikono yake ioze. Kwa hivyo Neno likavaa mwili uwezao kufa, likaingia katika mauti kwa niaba ya wote, na kwa kuwa lenyewe ni uhai, mauti hayakuweza kulishika. Hiyo ndiyo maana yao ya ushindi.

Alipiga na mifano. Alisema ni kama mfalme mkuu aliyeingia katika mji mkubwa akakaa katika nyumba moja tu miongoni mwa nyumba zake. Mji wote hupata heshima kwa nyumba ile, na wezi hawathubutu tena kuushambulia. Akasema pia ni kama sura ya mtu iliyochorwa juu ya ubao, kisha ikachafuka mpaka haitambulikani. Ubao hautupwi, bali mwenye sura huja tena akaketi ili ichorwe upya juu ya ubao ule ule. Na alipotakiwa dalili, aliwaonyesha vijana na wanawake wa zama zake waliokwenda kuuawa kwa ajili ya dini yao pasi na hofu. Msomaji asidharau maneno haya. Ni maneno ya mtu aliyefikiri.

Ukitaka kuiona itikadi hii kwa macho, iko katika jengo moja la Istanbul ambalo Waturuki huliita Kariye. Zamani lilikuwa kanisa. Likafanywa msikiti mwanzoni mwa karne ya 16, kisha jumba la makumbusho katika karne ya 20, na mwezi wa Mei 2024 likafunguliwa tena kwa swala. Katika chumba cha pembeni, kilichojengwa kwa ajili ya makaburi, pana picha ya karne ya 14: Masihi, amevaa nguo nyeupe, amemshika Adamu kwa mkono mmoja na Hawa kwa mkono wa pili, awavuta kutoka makaburini mwao. Chini ya miguu yake milango ya kuzimu imevunjika, na makufuli na funguo zimetapakaa. Tazama ni nani anayevutwa. Mchoraji alijua kisa kilianzia wapi.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Istanbul. Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mkononi ana barua ya Sayyid Said bin Sultan. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe alikufa kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata kwa siku chache. Wakazikwa ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba kaburi lile ni alama ya kuwa vita vimeanza katika pande hizi, na kwamba kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Mtu aliyemzika mke na mtoto mchanga katika juma moja aliandika habari ya ushindi. Anayedhani kwamba kauli ile ya kasisi ni maneno matupu ya kupambia mazishi, na alikumbuke kaburi la Nyali.

Yatupasa kusema pia kwamba Manasara si wa kauli moja. Wa Magharibi wengi walimfuata Anselm, aliyefariki mwaka 1109, ambaye aliliona jambo hili kama deni: dhambi imeivunja heshima ya Mungu, na mtu hana cha kulipia. Mihadhara yetu karibu yote humjibu Anselm. Athanasius hajajibiwa.

Sasa tuje kwetu. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 30, Mwenyezi Mungu awapa malaika habari kwamba ataweka khalifa katika ardhi. Aliyasema hayo kabla Adamu hajakosea, wala hajaingia Peponi, wala hajauona mti. Ardhi, basi, si gereza alilotupwa baada ya kosa. Ndiyo mahali pa kazi aliyoumbiwa. Na kazi yenyewe ni nzito: Sura ya al-Ahzab, aya ya 72, yaeleza amana iliyoonyeshwa mbingu na ardhi na milima vikaiogopa, na mwanadamu akaichukua. Ametukuzwa juu ya viumbe wengi, kama ilivyo katika al-Israa, aya ya 70. Na wanavyuoni wamesita penye neno hilo "wengi", kwa kuwa halikuja "wote". Naye akijiona mkubwa kupita kiasi, Sura ya Ghafir, aya ya 57, yamkumbusha kwamba kuumbwa kwa mbingu na ardhi ni jambo kubwa kuliko kuumbwa kwa watu. Ndiyo daraja ya mwanadamu kwetu: mtumwa aliyekabidhiwa amana.

Kisha utazame mti. Katika Taurati waliyo nayo, Adamu aonywa kwamba akila atakufa, na nyoka ndiye amwambiaye kwamba hatakufa. Mauti huko ni adhabu. Katika Qur'ani, Sura ya Taha, aya ya 120, Shetani amwendea Adamu na chambo, na chambo chenyewe ni mti wa kuishi milele na ufalme usiochakaa. Lau Adamu angalikuwa hafi, angalidanganywaje kwa ahadi ya kutokufa? Kutamani kuyakwepa mauti ndiko kulikomtia makosani. Na alipokosa, hakungojea kizazi baada ya kizazi: aya ya 122 ya sura hiyo hiyo yasema Mola wake alimteua, akapokea toba yake, akamwongoa. Dhambi ikesha pale pale. Hatukurithi deni, wala mauti yetu si malipo ya kosa la baba yetu. Aya ya 2 ya Sura ya al-Mulk yaonyesha kwamba mauti yameumbwa, kama uhai ulivyoumbwa, ili tujaribiwe nani kati yetu ni mwema zaidi kwa vitendo.

Hapa ndipo njia panda tuliyoitaja. Athanasius akubali kwamba mtu kwa asili ni wa kufa, na katika hilo yu karibu nasi kuliko wengi wadhaniavyo. Lakini kwake mauti ni mvamizi aliyeingia nyumbani kwa kosa la mwenye nyumba, na hapana budi aje wa kumtoa. Kwetu mauti ni mjumbe aliyetumwa na Mwenye nyumba mwenyewe. Mjumbe hapigwi vita. Hupokewa, na hutayarishiwa.

Ama Nabii Isa (A.S.), twaamini aliwafufua wafu kwa idhini ya Mola wake, na kwamba hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimwinua, kama ilivyo katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 157 na 158. Jamhuri ya wanavyuoni wasema aliinuliwa yu hai, atateremka, atahukumu kwa uadilifu, kisha atafariki na Waislamu watamswalia. Tumewahi kuwasikia Waislamu wakizungumza juu yake kama asiyekufa kabisa. Hilo ni kosa. Katika Sura ya Maryam, aya ya 33, angali mtoto wa kubebwa, ataja siku tatu zake: siku aliyozaliwa, siku atakayokufa, na siku atakayofufuliwa. Kuinuliwa kwake ni kuokolewa na mikono ya maadui. Si kutolewa katika hukumu iliyowapata Manabii wote.

Hukumu hiyo ilimpata hata aliye bora wao. Mwaka wa 11 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipofariki, Sayyidna Umar alisimama mbele za watu akikanusha kwamba amekufa. Abubakar akaja, akaingia, akamfunua uso, akambusu, akatoka, akawaeleza watu kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Mwenyezi Mungu basi Yeye yu hai hafi. Akasoma aya ya 144 ya Aali Imran, na miguu ya Umar ikamlegea. Tokea siku ile umma huu hauna udhuru. Na bado wapo miongoni mwetu waendao makaburini kuwaomba haja waliomo, kana kwamba Abubakar hakusema kitu.

Je, hatuna sisi habari ya mauti kushindwa? Tunayo. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Said al-Khudri kwamba Siku ya Kiyama mauti yataletwa kwa sura ya kondoo dume mwenye weupe na weusi. Watu wa Peponi wataitwa wamtazame, na watu wa Motoni vile vile, na wote watamtambua, kwani kila mmoja amekwisha kuyaona mauti. Kisha kondoo atachinjwa, na watu wa pande zote mbili waambiwe ni kudumu, hapana kufa tena. Na aya aliyoisoma Mtume baada ya kusimulia haya ni ya 39 ya Sura ya Maryam, aya sita tu baada ya ile ambayo Nabii Isa ametaja siku ya kufa kwake. Hata Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 15, ameyaweka mauti kuwa ni adui wa mwisho, wa kuangamizwa mwishoni. Manasara husema ushindi umeanza na utakamilika siku ile. Sisi twasema siku ile ndiyo yenyewe, na achinjishaye ni aliyeumba. Na kwa mtu wa Motoni kuchinjwa huko si bishara, kwani tamaa yake ya mwisho ya kupumzika itakuwa imechinjwa pamoja na kondoo.

Limebaki suala la pili la kijana wetu. Kuswali swala yao au kushiriki ibada yao hakumwelekei. Kumpa pole mwenziwe aliyefiwa na mama ni jambo jingine, na hatuoni kosa ndani yake. Sahl bin Hunaif na Qais bin Saad walikuwa Qadisiya, likapitishwa jeneza, wakasimama. Wakaambiwa ni la mtu asiye Muislamu. Wakajibu kwamba Mtume (S.A.W.) alipitiwa na jeneza akasimama, akaambiwa ni la Yahudi, naye akauliza kama hiyo si nafsi.