Betri Haina Kosa: Msake Anayeila Chaji Usiku

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Rodi Kopany. Abiria wa Homa Bay na wa Rongo wameshaanza kufika. Dereva wa Probox anazungusha ufunguo na stata inajibu tik, tik, tik, basi. Jana jioni gari lilizimwa likiwa zima kabisa. Kulisukuma hakusaidii kitu, kwa sababu ni la otomatiki. Anaazima waya za jampa, analiwasha, na kabla ya adhuhuri ameshanunua betri mpya. Wiki tatu baadaye, tik, tik, tik tena.

Yamenipata na mimi. Nilinunua betri mbili ndani ya miezi mitano kabla ya mtu yeyote kulipima gari langu. Betri ya kwanza ilikuwa nzima, na ya pili pia. Ndiyo maana naandika haya kwa wenzangu wa Migori na Homa Bay: kabla hujanunua betri, pima.

Kila gari hula chaji kidogo hata likiwa limezimwa. Kuna saa, kumbukumbu ya redio, kengele ya kuzuia wizi na kompyuta ya injini. Kiasi cha kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50. Betri ndogo ya NS40, ambayo hubeba kama ampea-saa 35, ikiliwa miliampea 30 itachukua zaidi ya wiki tatu kufika nusu. Lakini kitu kikivuta nusu ampea, nusu hiyo inaisha kwa siku moja na nusu. Maegesho ya Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi yanatosha, na ukitaka kwenda kanisani huwashi.

Anza kwa kuondoa shaka juu ya betri yenyewe. Ichajishe ijae, kisha jioni fungua teminali ya hasi, mara nyingi kwa spana namba 10, na uiache hivyo usiku kucha. Ni hasi inayotangulia, kwa sababu spana ikiteleza kutoka kwenye chanya ikagusa bodi, cheche zitaruka, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi inayolipuka. Vua pete na saa, na asiwepo mvuta sigara karibu. Asubuhi pima volti. 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki nusu. Ikiwa imelala peke yake bila kuunganishwa na chochote na bado imeshuka chini ya 12, basi imekufa, na hapo kununua nyingine ni haki.

Kisha rudisha teminali, washa injini, upime tena. Alteneta nzima itakupa kati ya volti 13.5 na 14.7. Wapo mafundi ambao hupima alteneta kwa kung'oa teminali injini ikiwa inanguruma, waone kama itazimika. Usikubali. Volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi za alteneta au kompyuta ya gari, na gharama yake ni kubwa kuliko betri kadhaa.

Betri ikiwa nzima na alteneta inachaji, basi yupo mwizi, na kumkamata kunataka mita ya umeme na subira. Hamisha waya mwekundu wa mita uuingize kwenye tundu lililoandikwa 10A, na swichi yake uiweke kwenye ampea. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama ni wa kielektroniki upeleke ndani ya nyumba. Fungua boneti na mlango mmoja, kisha bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi mpaka kijifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa. (Ukimaliza, vuta mkono wa mlango kitasa kifunguke kabla hujaufunga.) Sasa fungua hasi na uweke mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya uliotoka. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Usiwashe injini, wala hata kuzungusha ufunguo, maana fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Namba ya kwanza haina maana. Siku tuliyopima gari langu mita ilianza na 3.1, na rafiki yangu akasema mwizi keshapatikana. Hakuwa mwizi, kompyuta za gari zilikuwa zimeamka. Hata ile tabia ya kugusisha teminali na kutazama cheche inadanganya kwa sababu hiyo hiyo: gari zima nalo hutoa cheche. Tulikaa chini ya mwembe nusu saa. Namba ikashuka hadi 1.2, kisha 0.45, ikagoma hapo. Hiyo 0.45 ndiyo ilikuwa kweli.

Tukaanza kuchomoa fyuzi, moja moja, kila moja ikirudishwa kabla ya nyingine kutoka. Redio, hakuna. Honi, hakuna. Tulipochomoa iliyoandikwa DOME, mita ikasoma 0.03. Fyuzi hiyo hulisha taa za ndani. Tukairudisha. Taa za dari zilikuwa zimezimika, kwa hiyo tukaweka simu inayorekodi video ndani ya buti, tukafunga. Video ilionyesha taa ya buti ikiwaka gizani. Kiswichi chake kilikuwa kimekwama. Balbu ya wati 5 tu, lakini hula ampea 0.42, karibu ampea-saa 10 kila siku. Betri zangu mbili zilimalizwa chaji na balbu hiyo.

Kama hutaki kuchomoa fyuzi, au ukichomoa kompyuta zinaamka, weka mita kwenye milivolti na uguse vidoti viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Sifuri maana yake hakuna kinachopita. Inayoonyesha namba, fuata waya zake.

Wakati mwingine fyuzi zote zinatoka na namba haishuki. Hapo tazama vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri, na katika magari ya kwetu ni vingi: amplifaya, kengele ya kuongezwa, traka iliyowekwa na aliyekukopesha pesa za gari, spidi gavana kwa matatu. Vichomoe kimoja kimoja ukitazama mita. Traka ya mkopo usiikate; waite wenyewe waje waone namba kwa macho yao. Usisahau alteneta pia. Dayodi yake mbovu huruhusu umeme urudi nyuma usiku kucha. Fungua betri, toa waya mnene wa alteneta, ufunike vizuri, kisha upime upya.

Redio naitaja peke yake, kwa sababu naikuta mara nyingi mno. Redio ina waya wa njano wa kumbukumbu, unaopata umeme daima, na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukizungushwa tu. Kuna mafundi huunganisha miwili hiyo pamoja ili muziki upigwe bila ufunguo. Wateja hufurahi. Lakini redio hiyo hailali tena, na amplifaya iliyounganishwa nayo hailali pia. Mwambie fundi atenganishe, leo.

Na futa juu ya betri. Vumbi la barabara likichanganyika na unyevu wa asidi hupitisha umeme kutoka nguzo hadi nguzo. Maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea, vifuniko vikiwa vimefungwa, yanatosha.

Ukimpelekea fundi gari, iwe ni Migori mjini, Awendo au Mbita, mwombe jambo moja: akuonyeshe namba ya mita kabla ya kazi na baada ya kazi. Fundi asiyeweza kukuonyesha namba hizo mbili, usinunue betri kwa neno lake.