Masega ya Pikapu: Kabla Hujakubali Yatolewe

Pikapu yako ya petroli imeanza kushindwa na mlima. Ukikanyaga mafuta inavuma tu, mwendo hauongezeki. Unaifikisha gereji, fundi anaingia chini yake na kutoka na jibu: masega yameziba, tuyatoe, na mtu wa kuyanunua yupo. Wengi hukubali papo hapo, kwa kuwa gari hurudi likiwa jepesi na mfukoni mna pesa.

Masega ni ile sehemu ya ekzosi iliyofura kama mtungi mdogo. Ndani mna kauri yenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, ndiyo asili ya jina. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Ndiyo maana mnunuzi hakosi. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua humalizika kuungua, na oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hii huanza masega yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za selsiasi.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Masega yakitolewa, hutoka kwa wingi zaidi. Ekzosi ikitoboka chini ya kebini, au watu wakibebwa nyuma chini ya turubai, hao ndio huivuta kwanza. Kuumwa kichwa na kizunguzungu safarini si uchovu kila mara.

Masega hayazibi bure. Plagi mbovu huacha petroli ipite bila kuungua, ikaja kuungulia ndani ya masega hadi kauri ikayeyuka. Injini inayokula oili nayo huyajaza majivu. Ukiyatoa bila kutafuta chanzo, ugonjwa umebaki kwenye injini. Kwa hivyo mwombe fundi kwanza apime msukumo wa moshi kupitia tundu la sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega. Ukiwa wa kawaida, tatizo liko kwingine, pengine kwenye chujio au pampu ya mafuta. Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu.

Wapo watakaokuambia kwamba petroli yetu huua masega. Ilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006.

Pikapu za dizeli ni habari nyingine. Nyingi za zamani hazikuwekewa masega kabisa, na za kisasa huwa pia na chujio la masizi. Hakikisha hulipii kutolewa kitu ambacho hakipo.

Ikibidi kubadilisha, kuwepo kazi ikifanywa. Mafundi wengine hukata ganda, hutoa kauri, kisha huchomea tena, na kwa nje huoni tofauti. Yale ya zamani ni mali yako. Ukiyauza, muuzie mwenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Na unaponunua pikapu kuukuu, ligonge ganda hilo kwa ngumi likiwa limepoa. Likicheza ndani, kauri imevunjika. Likilia kama debe tupu, aliyekutangulia alishauza.