Nina wasiwasi sana: je, kazi na familia nitaviweza?

Leo tuongee juu ya tabia. Sisemi ile ya "ana tabia mbaya", bali namna mtu alivyo: huyu mpole, yule mchangamfu, mwingine kila kitu kinamtia wasiwasi.

Nilipokuwa Ngujini, kule Upareni, msichana wa kidato cha tatu aliniuliza mbele ya wenzake: "Dada, nataka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Lakini nina wasiwasi sana, hata jaribio dogo tu silali. Nikiwa na watoto je, nitaweza?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwanza ijue kazi yenyewe. Mhadhiri hafundishi tu. Anasahihisha, anasimamia wanafunzi wanaoandika tasnifu, anafanya utafiti, na lazima achapishe makala ndipo apandishwe cheo. Kengele ya kutoka hakuna. Karani hufunga ofisi akaondoka. Mhadhiri hubeba makaratasi hadi nyumbani, akasahihisha huku makande yanaungulia jikoni. Kwa kuwa hakuna wa kumwambia "basi, nenda zako", tabia yake ndiyo inayompangia saa.

Mwaka 1985 wataalamu wawili, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, walieleza kuwa kazi na familia hugongana kwa njia tatu. Kuna muda: saa uliyoitumia huku huwezi kuitumia kule. Kuna uchovu na mawazo: mwili uko nyumbani, akili iko kazini. Halafu kuna mwenendo: aliyezoea kuhoji na kukosoa chuoni anarudi kumkosoa mtoto wa miaka 5 kama vile kamletea tasnifu. (Mwenzenu nimelelewa karibu na mtu wa hivyo, siyo mchezo!)

Tafiti zilizofuata zimeona kwamba, kwa jumla, wenye wasiwasi mwingi huusikia zaidi mgongano huo, na wenye utaratibu huusikia kidogo. Lakini usikimbilie kumcheka mwenye wasiwasi. Matokeo hayo ni ya watu wengi wakichukuliwa pamoja, siyo hukumu ya mtu mmoja.

Mfano ni mama yangu mdogo, mhadhiri, mpole kupita kiasi. Kusema hapana hajui. Kamati ikikosa katibu, ni yeye. Mgeni akitoka kijijini bila taarifa, karibu. Mwanafunzi akigonga mlango saa tatu usiku, karibu pia. Akawa analala saa 4 tu, kichwa kikaanza kumuuma, kumbe presha imepanda. Upole tunaousifu ulimponza! Jirani yake ana wasiwasi wa kutosha, ila huandika kila kinachomsumbua kwenye daftari, na saa kumi na moja jioni anafunga ofisi kwa kuogopa kuchelewa kumchukua mtoto. Wasiwasi wake umepata kazi ya kufanya.

Tena, siyo kila mzigo unatokana na tabia. Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi huku akilea watoto watatu. Wakati ule wahadhiri wanawake hawakupewa marupurupu sawa na wanaume; aliyeolewa alihesabiwa kuwa nyumba atapewa na mumewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakadai haki hiyo bila kuchoka. Watu walimwita mkaidi. Sawa, lakini mpole asingefika mbali na madai yale.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini, hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba je? Siku 3. Hata baba awe na moyo mzuri namna gani, siku 3 zinaisha kabla hajajua kumfunga mtoto nepi.

Yule msichana nilimjibu kwa ndiva. Wazee wa Upareni walijenga ndiva ili maji yakusanyike, kisha yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mkali ana zamu, mpole ana zamu. Nikamwuliza: "Kwenu nyumbani, zamu ya kuchota maji na kupika ikoje?"

"Ni yangu," akasema. "Kaka anasoma."

Basi nikawapa wote zoezi, wavulana kwa wasichana, na wewe lifanye. Kwa siku 7 andika ulichofanya kila saa tangu kutoka shule mpaka kulala, na nani mwingine nyumbani angeweza kukifanya. Pembeni andika kilichokutia wasiwasi siku hiyo. Jumapili muonyeshe mzazi au mlezi daftari lako. Usisahau kuhesabu usingizi: kwa umri wako unahitaji saa 8 hadi 10.