Salongo, Likelemba na Programu Huria

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imejengwa hivyo. Siku hizi wengi wanaoiandika hulipwa na makampuni, kwa hiyo tusidai kwamba kila mchangiaji anajitolea bure. Swali langu ni kuhusu kazi za Kiswahili, ambako mishahara ya namna hiyo ni haba. Nini humleta mtu, na nini humbakisha?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leseni huria iliwawezesha kuitafsiri bila kumwomba mtu ruhusa. Miaka 5 baadaye Google iliwashindanisha wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa zawadi kama kompyuta na simu. Zilipatikana makala zaidi ya 900. Zawadi zilipotolewa, wengi hawakurudi.

Kwetu Mboko, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tuna maneno mawili ya kushirikiana, na hayalingani. Salongo ni kazi ya barabara na mitaro iliyoamriwa enzi ya Mobutu. Wapo wazee wanaolitamka kwa kununa mpaka leo. Likelemba ni mchango wa zamu: wanawake wanaouza ndagala hutoa kiasi kilekile, na kila mara mmoja hubeba chote. Asiyetoa hujulikana kabla jua halijatua.

Programu huria inafanana na likelemba kwa kuwa historia ya mabadiliko huonyesha nani alifanya nini. Lakini fedha za likelemba zikichukuliwa zimekwisha, ilhali msimbo au maana ya neno haipungui hata ikinakiliwa na watu elfu. Anayechukua bila kutoa hamwibii mtu. Kinachopungua ni muda wa wahakiki, wale wanaosoma mchango wa mgeni na kumjibu. Naona hapo ndipo watu hupotea, kuliko kwenye ukosefu wa zawadi.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Katika kamusi moja huria niliandika kwamba ndagala ni samaki wadogo wa ziwani. Kesho yake nilikuta neno limefutwa, limewekwa "dagaa", bila maelezo. Nilikaa miezi miwili bila kuifungua. Kisha mhakiki mwingine akaniuliza: neno hili hutumika wapi, na nani? Nikashuka ufukweni kuuliza wavuvi, nikajibu kwamba ndilo neno la upande wetu, na Burundi pia.

Wahakiki wengi wa Kiswahili wamesomea usanifu, nasi wa kitivo hiki tumo. Kalamu nyekundu tunayoizoea darasani, tukiipeleka kule, itamfukuza msemaji wa Fizi kabla hajatoa neno la pili. Na hakuna mwingine atakayelitoa kwa niaba yake.

Sasa ndagala ina maana yake na alama ya eneo. Mwezi huu nimepeleka mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Bado sijajibiwa.