Kipara cha Mexico na mkorogo wa Kariakoo



Mwezi Mei mwaka 2007 Tanzania ilipeleka kwa mara ya kwanza mshiriki katika mashindano ya Miss Universe, yaliyofanyika Mexico City. Binti aliyekwenda, Flaviana Matata, alipanda jukwaani akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Hapa mjini watu walikuwa wamezoea kuambiwa kuwa mrembo ni nywele ndefu na ngozi nyeupe. Ghafla kipara kikawa urembo.

Hukumu ya mashindano yenyewe haina mjadala katika ukurasa huu. Kumpandisha binti wa watu jukwaani na nguo ya kuogelea ili apewe maksi ni jambo lililo wazi. Ninachotaka tukitazame ni hicho kipimo kilichobadilika.

Hakikubadilika siku hiyo tu. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani alimkuta msichana wa Kisomali akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Leo dunia inamjua kwa jina moja, Iman. Mwaka 1995 Alek Wek, Mdinka aliyekimbia vita Sudan, alionekana katika soko la mtaani London. Alikuwa mweusi tii, nywele fupi kabisa, na mwaka 1997 picha yake ilipamba jalada la jarida la Elle. Wengi walifurahi, na mimi siwalaumu. Binti mweusi aliyekuwa akichekwa shuleni alipata pa kujitazama.

Lakini tujiulize: nani aliyeamua kuwa sasa weusi ni mzuri? Ni yule yule aliyeamua jana kuwa ni mbaya. Mwenye mizani hakubadilika, amebadilisha jiwe tu. Na mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anaijua siri hii kuliko maprofesa: bidhaa ikizoeleka hainunuliwi, lazima ulete mzigo mpya.

Aliyeyaona haya kwa ndani ni Halima Aden, Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 alishiriki mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota akiwa na hijabu, na mwaka 2018 akawa wa kwanza kutokea na hijabu kwenye jalada la Vogue la Uingereza. Waislamu wengi, wakiwemo wa hapa mjini, walishangilia wakisema sasa tumekubalika. Novemba 2020 akatangaza kuacha majukwaa. Alieleza jinsi swala zilivyompita kazini, na jinsi hijabu yake ilivyopungua kidogo kidogo hadi siku moja akafungwa suruali ya jinzi kichwani badala yake. Hijabu ilikuwa imekubalika kama mtindo. Ilipodai haki yake kama ibada, haikuwa na nafasi.

Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratut-Tin, aya ya 4, kuwa amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, tumeelezwa kuwa miongoni mwa ahadi za shetani ni kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah. Kujipamba si dhambi: hina, wanja na udi ni mapambo ya mama zetu tangu zamani. Dhambi ni kuyafanyia maumbile uadui. Wanazuoni wamekataza mwanamke kunyoa kipara pasipo dharura, na Mtume (s.a.w.) amekataza kuunga nywele. Kwa hiyo anayemcheka mwenye kipara huku kichwani amebeba nywele za mtu mwingine, naye ajitazame.

Nilipoyasema haya katika darsa moja la akina dada hapa Mchafukoge, nikageukia mkorogo. Nikawaeleza kuwa Serikali imekwisha piga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kwamba zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, kwamba ngozi iliyochubuliwa hupoteza kinga yake ya jua na kidonda chake ni shida kushona. Na bado makopo hayo huuzwa kwa siri madukani Kariakoo.

Dada mmoja akanyoosha mkono. "Ustadh, mnatukataza mkorogo, tunasikia. Lakini mkija kuposa mbona swali la kwanza ni, ni mweupe? Mnataka tuufuate mwongozo au tubaki nyumbani?"

Upande wa wanaume, nyuma ya pazia, pakawa kimya. Nami sikuwa na la kumkosoa. Sisi tunaosema majarida ya Ulaya yanawapangia bei binti zetu, tunawapangia bei hiyo hiyo sebuleni, kwa kikombe cha kahawa na kashata.

Nikawasimulia kisa cha Zahir (r.a.), bedui ambaye sura yake haikuwa ya kuvutia. Siku moja alikuwa akiuza vitu vyake sokoni, Mtume (s.a.w.) akaja kwa nyuma akamkumbatia, kisha kwa utani akanadi kama anayetafuta mnunuzi wa mtumwa. Zahir akasema kuwa basi angeonekana bidhaa isiyo na soko. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa mbele ya Allah yeye si wa kukosa soko, bali ana thamani kubwa. Tukumbuke kuwa hayo yalisemwa sokoni, mbele ya watu wa bei.

Wiki chache baadaye mzee mmoja aliyehudhuria darsa lile alinifuata baada ya Alasiri. Anamtafutia mwanawe mchumba, akaniomba nimsaidie kuulizia. Akataja sifa anazozitaka: dini, tabia, ukoo wa watu wastaarabu. Alipofika kwenye rangi akasita, akacheka mwenyewe, akasema tutaongea kesho.